Chanzo cha Jeraha: Taa

Mhina aliletwa zahanati na mkokoteni wa mchanga,
mguu umefungwa kanga ya mtu asiyemjua,
akiapa kwamba ni nyoka.
Nikamwuliza: nyoka gani huyo
anatoboa tundu moja na kukuachia kibanzi?
Nikakivuta kwa kibano. Kijiti cha mfupa,
meno yake yote yakitazama nyuma,
msumeno uliokubali kuingia tu.

Semeni akaleta ndoo.
Maji ya moto, ya kuvumilika kwa kuuma meno,
maana sumu hii haipatani na joto.
Mhina alipiga ukelele uliosimamisha foleni ya kliniki.
Baadaye, jasho likimkauka,
akauliza kama pale nje wanauza soda.

Daftarini nikaandika:
Chanzo cha jeraha: taa.
Mwezi uliofuata simu ikapigwa kutoka ofisini mjini:
“Sista, hii ajali ya umeme,
Tanesco wameshapewa taarifa?”

Nilicheka peke yangu hadi kufunga dirisha la dawa.
Kisha nikaacha kucheka.
Tuko Amboni. Maji ya Zigi tunapikia chai
na chai haina la kulalamika.
Kiumbe wa chumvi alifuata nini huku?

Nilimuuliza kila aliyekuja na kikohozi,
nikasoma usiku, simu ikiwa imechomekwa chaji.
Taa wa baharini huweka akiba ndani ya damu
ya kile ambacho mimi na wewe tunakwenda kukikojoa,
ili bahari isimnyonye akabaki ngozi.
Akipanda mtoni mambo hugeuka:
sasa maji ndiyo yanayomvamia,
yanabisha hodi kwenye kila uwazi wa shavu.
Basi anapunguza akiba yake, anakojoa, anakojoa,
figo zake hazijui Jumapili.

Macho yako mgongoni, mdomo uko tumboni.
Maisha yake yote hajawahi kukiona anachokila.
Anavuta pumzi kwa matundu ya nyuma ya macho,
kwa kuwa mdomo umelala mchangani,
na puani ana vishimo vidogo kama vya sindano
vinavyosikia umeme wa moyo wa kamba
aliyejifukia akidhani amejificha.
Umeme, kweli.
Yule wa ofisini hakukosea sana.

Bamvua lililofuata, Mhina akarudi kwa miguu yake,
karai kichwani, maji yakimchuruzikia shingoni.
“Sista, huyu nilimpiga sepetu. Nilitaka supu.
Kumbe ana watu ndani.”
Mama alikuwa ameshakufa.
Hofu ilimzalisha kabla ya siku zake:
watoto watatu, wamejikunja kama chapati zilizotoka motoni,
kila mmoja na kijimwiba chake
kilichovikwa ala laini
ili kisimchane mama mlangoni.
Nimeshika wakunga mikono miaka kumi na minne.
Sikuwa na neno.

“Wataishi?”
Sijui, nikamwambia. Wewe ndiye unayeujua mto.
Akaniangalia kana kwamba nimemtukana.

Tukashuka hadi penye matete, chini ya daraja.
Mmoja aliondoka na maji, tumbo juu.
Mmoja hatukumwona alikoelekea.
Wa tatu alijikunjua polepole,
akapepea kingo zake mara mbili,
mchanga ukapanda, ukamfunika, ukatulia.
Palipokuwa na mtoto pakawa na mto tu.

Juu barabarani lori lilikuwa linapiga honi:
tripu ya tatu, tajiri anasubiri,
kuna nyumba ya ghorofa Raskazone haina msingi.
Mhina akaliinua sepetu. Akalishusha.
Akaliinua tena; ana watoto wanne.
Lakini alisogea hatua ishirini kwanza,
na tangu siku ile mguu wake hauinuki mtoni.
Anauburuta, kidogo kidogo,
kama mgeni aliyeamka usiku nyumba ya wenyewe,
anapapasa gizani,
hajui taa iko wapi.